Kuingia Chuoni na Kubaki Humo: Kinachowaangusha na Kinachowashika Wanafunzi wa Sayansi Kutoka Idodi

Idodi ni tarafa ya Wilaya ya Iringa iliyopo magharibi mwa mji wa Iringa, kwenye njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mpunga hulimwa huko kwa maji ya mito ishukayo kutoka nyanda za juu, na mifugo huchungwa kwenye mbuga zilizo kando ya hifadhi. Wahehe na Wabena huishi jirani na Wagogo, Wasukuma, Wamasai na Wabarbaig, na darasa moja la shule ya msingi laweza kuwa na watoto wanaozungumza lugha kadhaa tofauti nyumbani. Kijana wa tarafa kama hii anapochaguliwa kusomea udaktari, uuguzi, famasia au uhandisi, habari huenea upesi. Wazazi huuza magunia ya mpunga au ng'ombe, ndugu huchanga nauli, na siku ya kuondoka kijiji kizima hujua. Lakini kijana huyo akirudi nyumbani mwaka wa pili bila shahada, hakuna atangazaye habari hiyo, na ni wachache wanaouliza sababu.

Makala haya yanahusu safari iliyo kati ya siku hizo mbili. Mengi yamefanywa nchini ili watoto wa vijijini wafike kwenye mlango wa chuo kikuu. Shule za kata ziliongezeka kwa kasi kuanzia mwaka 2004 chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari. Ada zilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Mlango umepanuka. Kumfikisha mwanafunzi hadi mwisho wa shahada, hata hivyo, ni kazi nyingine, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hupita mikononi mwa wahudumu wa afya bila wao wenyewe kutambua.

Kwa nini jambo hili ni la hospitali

Mgonjwa anayefika kwenye zahanati ya kijiji na kukuta hakuna mtaalamu ana sababu ya kulifuatilia suala hili. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2010 na ya mwaka 2021 kuhusu upatikanaji wa wataalamu wa afya vijijini, limependekeza nchi zichague wanafunzi wenye asili ya vijijini katika vyuo vya afya, kwa kuwa ushahidi wa nchi nyingi unaonyesha kwamba wao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi na kufanya kazi vijijini. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa Idodi anayepotea chuoni ni daktari, muuguzi au mfamasia ambaye tarafa fulani itamkosa kwa miaka thelathini ya utumishi wake. Vivyo hivyo kwa mhandisi wa maji au wa vifaa tiba, ambaye bila yeye wodi hukosa maji na mashine hukaa imeharibika.

Sababu ya pili ni kwamba sekta ya afya imekwisha kujifunza somo ambalo vyuo bado vinajifunza. Miaka ya mwanzo ya tiba ya VVU, mgonjwa aliyekosa kuhudhuria kliniki aliitwa mtoro, na wengi walidhani kwamba ni mzembe au mkaidi. Wahudumu walipoanza kuwafuata wagonjwa hao majumbani walikuta mambo mengine kabisa: nauli iliyokosekana, njaa, foleni iliyomgharimu mtu kibarua cha siku nzima, hofu ya kuonwa na jirani, au mtu aliyehamia wilaya nyingine bila barua ya kumhamishia kliniki. Huduma ikabadilika. Dawa zikaanza kutolewa za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakapewa kazi ya ufuatiliaji, na simu ikawa kifaa cha tiba. Wagonjwa walibaki walewale. Mfumo ndio uliosogea kuwafuata.

Mwanafunzi anayeacha shahada ya sayansi naye huhukumiwa upesi kwamba hakuwa na kichwa cha sayansi. Utafiti hauungi mkono hukumu hiyo. Nchini Marekani, Elaine Seymour na Nancy Hewitt walichapisha mwaka 1997 matokeo ya mahojiano na mamia ya wanafunzi wa sayansi na uhandisi, waliobaki na walioacha. Makundi hayo mawili hayakutofautiana sana kwa uwezo, na malalamiko yao yalifanana: ufundishaji mbovu, mashindano yasiyo na utu, na kukosa mtu wa kumwendea. Mwaka 2012 jopo la washauri wa sayansi wa rais wa nchi hiyo lilieleza kwamba chini ya asilimia 40 ya wanaoingia chuoni wakikusudia kusoma sayansi, uhandisi au hisabati ndio wanaomaliza katika fani hizo. Ikiwa taifa tajiri lenye maabara kila mahali hupoteza wengi kiasi hicho, hakuna sababu ya kumlaumu kijana wa Idodi peke yake.

Mizigo anayoingia nayo

Mzigo wa kwanza ni lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza kama lugha ya masomo yote aingiapo kidato cha kwanza. Kwa mtoto wa mfugaji ambaye Kiswahili chenyewe alijifunza shuleni, hiyo ni lugha ya tatu. Wengi huvuka daraja hilo kwa kukariri, na kukariri huweza kumfikisha mtu hadi kidato cha sita. Chuoni haitoshi. Mwanafunzi wa udaktari anayejua kwa hakika jinsi figo inavyochuja damu aweza kushindwa kulieleza jambo hilo mbele ya mwalimu kwa sababu maneno hayaji, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ujinga.

Mzigo wa pili ni maabara. Kwa miaka mingi shule nyingi za kata zilifundisha kemia na biolojia bila chumba cha majaribio, mpaka ilipoendeshwa kampeni ya kujenga maabara katika kila shule ya sekondari ya kata katika muongo uliopita. Hata baada ya majengo kukamilika, vifaa na kemikali havikufika kila mahali kwa kiwango kimoja. Mwanafunzi aliyelisoma jaribio kwa maneno tu anapokabidhiwa kwa mara ya kwanza darubini mbele ya wenzake walioishika tangu wakiwa na miaka kumi na minne, mikono hutetemeka. Kutetemeka huko huponywa kwa wiki chache za mazoezi, endapo yupo wa kumwelekeza bila kumcheka.

Mzigo wa tatu Idodi inaufahamu kwa uchungu. Mwezi Agosti 2009 bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi liliungua usiku, na wanafunzi 12 wakapoteza maisha. Taarifa zilizotolewa baada ya ajali hiyo zilieleza kuwa chanzo cha moto kilikuwa mshumaa uliokuwa ukitumika kusomea. Wengine walijeruhiwa, na majeraha ya moto, kama kila muuguzi ajuavyo, huendelea kuishi mwilini na moyoni muda mrefu baada ya ngozi kupona. Msiba huo unaonyesha gharama iliyofichika nyuma ya kila cheti cha kidato cha nne kutoka shule isiyo na mwanga wa uhakika. Alama zilizopatikana kwa mshumaa haziwezi kusomwa sawasawa na zile zilizopatikana chini ya taa ya umeme, ingawa kwenye karatasi zimeandikwa kwa herufi ileile.

Upweke darasani

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, mwalimu wa hisabati Uri Treisman aliwachunguza wanafunzi weusi waliokuwa wakifeli somo la kalkulasi, akawalinganisha na wenzao wenye asili ya China waliokuwa wakifaulu. Wenzake walidhani tatizo ni uvivu, umaskini au wazazi wasiojali. Alichokikuta ni kwamba wanafunzi weusi walisoma kwa bidii lakini kila mmoja peke yake, na walitenganisha kabisa masomo na urafiki. Wale wa asili ya China walikutana jioni, wakasahihishana na kuulizana. Treisman alianzisha vikundi ambamo wanafunzi walipewa maswali magumu kuliko ya darasani, wakayatatua pamoja. Hakuwaita wanafunzi dhaifu. Matokeo yao yalipanda, na mfano wake ukaigwa katika vyuo vingi.

Mwanafunzi wa Tanzania ataitambua picha hiyo mara moja. Vikundi vya majadiliano, ambavyo wanafunzi huviita diskasheni, ni nguzo ya maisha ya chuo. Tatizo ni nani huingia katika kikundi kipi. Waliotoka shule zenye majina huja tayari wakifahamiana. Anayetoka shule ya kata, pengine msichana pekee kutoka wilaya yake katika darasa la uhandisi, hubaki pembeni akingoja kualikwa. Chuo kikipanga vikundi hivyo wiki ya kwanza, kwa kuchanganya shule, mikoa na jinsia, na kuwapa maswali ya kweli ya kutatua, kitakuwa kimetoa dawa isiyo ghali.

Ushahidi mpana zaidi unaunga mkono hatua hiyo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 kuhusu ufundishaji wa sayansi vyuoni. Katika madarasa ya mihadhara mitupu walifeli takriban asilimia 34 ya wanafunzi. Katika madarasa ambamo wanafunzi hushiriki, hujadiliana na kutatua matatizo, walifeli takriban asilimia 22. Mwaka 2020 uchambuzi mwingine ulioongozwa na Elli Theobald ulionyesha kwamba ufundishaji shirikishi hupunguza kwa theluthi moja pengo la alama za mitihani kati ya wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma na wenzao.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana alama 1.5 katika udahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha kozi maalumu za maandalizi kwa wasichana kabla ya kuanza shahada za sayansi na uhandisi. Hatua ya Makerere ilifungua mlango. Ya Dar es Salaam ilimpa anayeingia wiki kadhaa za kujenga msingi, kuzoea maabara na kupata marafiki kabla mashindano hayajaanza. Zote mbili zinahitajika. Kuingiza bila kuandaa ni kama kumpa mgonjwa kitanda na kusahau matibabu.

Kuwaona waliotangulia ni sehemu ya maandalizi hayo. Esther Mwaikambo alihitimu udaktari mjini Moscow mwaka 1969, akawa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari. Mwaka 1987 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA. Msichana anayesoma peke yake kati ya wavulana anastahili kujua kwamba njia hiyo ilikwisha kupitwa, na kwamba aliyeipita wa kwanza aligeuka nyuma kuwashika mkono wengine.

Karatasi ndogo zenye uzito mkubwa

Fedha ni sababu ambayo kila mtu huitaja, lakini ni wachache wanaojua jinsi inavyofungamana na meza ya mhudumu wa afya. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupima uhitaji wa mwombaji. Yatima huthibitisha hali yake kwa cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Mwombaji mwenye ulemavu, au aliye na mzazi mwenye ulemavu, huhitaji fomu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa.

Fikiria basi mtoto ambaye baba yake alifariki nyumbani, akazikwa kesho yake, na kifo hakikuandikwa popote. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30; kikitokea kituoni, kituo ndicho kitoacho tangazo, na kikitokea nyumbani taarifa hupitia kwa mtendaji wa kijiji. Miaka kumi na mitano baadaye mtoto huyo ni mwombaji wa mkopo asiye na cheti. Kwenye karatasi ana wazazi wawili walio hai. Mkopo unaweza kuja pungufu, na posho ya kujikimu, ile ambayo wanafunzi huiita bumu, isitoshe chakula cha muhula. Anayelala njaa hukosa vipindi. Anayekosa vipindi hufeli. Anayefeli mara mbili "hudisko", kama wanafunzi wasemavyo, yaani huondolewa chuoni.

Hasara hii ina uzito wa pekee Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kwamba kiwango cha maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 mkoani Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, ilhali wastani wa taifa ni 4.4. Nyuma ya namba hizo kuna kizazi cha yatima, na wengi wao ndio wenye umri wa kuingia chuo sasa.

Habari njema ni kwamba kinga ipo. Mpango wa kusajili vizazi vya watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata ulianzia Mbeya mwaka 2013, kisha ukaenea katika mikoa mingine, Iringa ikiwemo. Mtoto aliyepata cheti siku ya chanjo ameondolewa kikwazo kimoja ambacho angekutana nacho miaka kumi na minane baadaye. Muuguzi anayejaza fomu hiyo kwa usahihi, jina kwa herufi zilezile za kadi ya kliniki, tayari ameshiriki katika udahili wa chuo kikuu.

Mwili na akili ya mwanafunzi

Umri wa shahada ya kwanza ni umri ambao magonjwa mengi ya akili hujitokeza. Inakadiriwa kwamba takriban robo tatu ya matatizo ya afya ya akili ya maisha yote huwa yamekwisha kuanza mtu afikapo miaka 24. Sonona ya mwanafunzi haitangazi jina lake. Hujionyesha kwa kukosa usingizi, kuacha kula, kujitenga, kusahau na kushuka alama. Nyumbani huitwa uvivu au huhusishwa na uchawi. Chuoni huitwa utoro. Ugonjwa huu unatibika, na anayetibiwa mapema anaweza kurudi darasani muhula uleule. Mwanafunzi anayezungumzia kufa au kujidhuru asiachwe peke yake. Apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Kwa kijana aishiye na VVU tangu kuzaliwa, chumba cha bweni chenye wenzake watatu ni mtihani kuliko wa kemia. Vidonge atavificha wapi? Kliniki yake ipo kilomita mia kadhaa nyuma, kwa muuguzi aliyemlea tangu utotoni. Wengi hujikuta dawa zinaisha katikati ya muhula. Barua ya kuhamia kliniki iliyo karibu na chuo, au dawa za kutosha hadi likizo, humwondolea sababu ya kuchagua kati ya tiba na mtihani.

Mwenye kifafa ajue kwamba kukesha ni kichocheo cha degedege na kwamba kuacha dawa ghafla ni hatari. Ratiba ya usingizi kwake ni sehemu ya tiba. Mwenye selimundu anahitaji maji ya kutosha, kujikinga na baridi, ambayo Iringa na Mbeya haikosekani mwezi Juni na Julai, na kwenda hospitalini mapema maumivu yanapoanza. Mwanafunzi mjamzito asidhani kwamba masomo yamekwisha. Tangu tarehe 24 Novemba 2021 serikali imeruhusu hata wanafunzi wa shule walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi darasani, na chuoni kuna utaratibu wa kuahirisha masomo.

Utaratibu huo wa kuahirisha ndio kitu ambacho wanafunzi wengi wa kwanza katika familia zao hawakijui. Anayeugua akaondoka kimyakimya huhesabiwa mtoro na huweza kufutwa. Anayeugua akapeleka ripoti ya daktari na kuomba kuahirisha kwa maandishi hulinda nafasi yake. Tofauti kati ya hao wawili mara nyingi ni ukurasa mmoja wenye saini na muhuri wa hospitali.

Kila mmoja na sehemu yake

Mhudumu wa afya amwulize kila kijana wa umri huo swali moja la ziada: unasoma wapi, na unaondoka lini? Jibu litaamua idadi ya dawa, barua ya kuhamia kliniki na tarehe ya kurudi. Ripoti ya ugonjwa wa mwanafunzi iandikwe siku hiyohiyo, ieleze muda wa mapumziko unaohitajika, na isitaje ugonjwa zaidi ya kile alichokiridhia mwenyewe. Matangazo ya vifo na fomu za ulemavu zisikae mezani.

Mzazi au mlezi atunze vyeti vya kuzaliwa na vya vifo pamoja na kadi za kliniki, na aandikishe kifo mapema hata kama msiba bado ni mbichi. Kijana akipiga simu na kusema amechoka, asijibiwe kwa kukumbushwa gharama tu. Aulizwe kwanza kama anakula na kama analala.

Mwanafunzi ajiandikishe katika bima ya afya wiki ya kwanza. Kwa miaka mingi mchango wake katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya umekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Ajue ofisi ya mshauri wa wanafunzi ilipo kabla hajaihitaji, na atafute kikundi cha kusoma kabla ya jaribio la kwanza.

Chuo nacho kisisubiri matokeo ya mwisho wa muhula kugundua nani amepotea. Kliniki huanza kumtafuta mgonjwa siku chache baada ya kukosa miadi. Mwanafunzi aliyekosa vipindi viwili vya maabara anastahili simu moja kutoka kwa mtu anayemjua kwa jina, naye aulizwe kilichomsibu kabla ya kuandikwa mtoro.